Mti wa Biji na Askari wa Zuhura

Nimestaafu nikiwa bado na meno yangu yote. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua ninyi mliobaki pale yadi mtacheka mkisikia Nyaboke anaandika kumbukumbu za kazini, mtu ambaye hajaota hata mvi moja. Chekeni tu. Daktari amesema kifua changu na dawa za kunyunyizia visikutane tena hapa duniani, na mimi namwamini, maana siku hizi nikipanda ngazi napiga miluzi kama birika. Kwa hivyo pampu nimeiweka chini. Kabla sijasahau harufu ya ovaroli langu, nataka kuwaachia maneno kidogo.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Vyeo vyetu mnavijua: kuna anayebeba ngazi na kuna anayeipanda. Nitawaambia habari za wadudu, za mti mmoja wa mtaa wa Muthangari, na za Zuhura, ambaye nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia kazini mpaka leo asubuhi nilipoamka.

Nilikuja yadi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msichana wa kuishia kidato cha pili, kichwa kimejaa ndoto. Nilikuwa nimesikia kwamba nyuma ya wauza mbao wa Dagoretti Corner kuna kampuni inayotibu miti. Kutibu miti! Usiku kucha niliwaza hospitali yenye wodi na vitanda, nikijiuliza mti utalazwa vipi bila kung'olewa. Nilichokuta ni kibanda cha mabati, pikapu moja yenye mlango uliofungwa kwa waya, na Mzee Kilonzo.

Mzee Kilonzo ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa Mkamba mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mfuko wa shati haukukosa peremende. Aliniangalia viatu, kisha uso.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Siogopi kitu, Mzee."

"Basi rudi nyumbani. Mtu asiyeogopa simpandishi ngazi yangu."

"Naogopa nyoka," nikasema haraka.

"Nyoka hatutibu. Ingia kwa pikapu."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya jumba moja refu, mahali wakubwa wanapoegesha magari. Kulikuwa na mifikasi, ile miti mikubwa ya kivuli, iliyokuwa myeusi kama imetolewa jikoni. Mimi nilidhani ni moshi wa mabasi. Mzee Kilonzo akachuma jani, akaligeuza, akanipa lenzi yake ndogo aliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Chini ya jani niliona wadudu gamba wamejipanga kwenye mshipa wa katikati, wametulia kama watu wanaongoja benki ifunguliwe. Wananyonya utomvu, akanieleza, na sukari inayowazidi wanaitoa nyuma inadondoka. Sukari hiyo inaota ukungu mweusi kama masizi. Ukiosha masizi ukawaacha wenye sukari, umeosha bure.

Tukaosha vyote viwili, kwa maji ya sabuni na brashi laini. Wanaume wenye tai walisimama kutuangalia.

"Sister, huo mti unaenda harusi?" mmoja akauliza.

"Unaenda," Mzee Kilonzo akamjibu kutoka juu ya ngazi. "Kwani wewe hukualikwa?"

Jioni hiyo niliteremka nimelowa sabuni mpaka kwenye soksi, na nilijua nimepata kazi ya maisha. Sawa, haikuwa ya maisha, ilikuwa ya kifua. Lakini siku ile sikujua.

Mzee Kilonzo alikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: kabla mkono haujashika pampu, jicho lione nani anamla nani. Kwenye kila mti mgonjwa kuna anayeula mti na kuna anayemla huyo mla mti. Ukipuliza dawa kali unaua wote wawili, halafu yule mbaya ndiye anayewahi kurudi. Wale wazuri tuliwaita askari. Walio wengi ni mbawakawa wadogo sana, wengine wekundu wenye madoa, wengine weusi wenye kichwa cha rangi ya chungwa. Mti uliokuwa na askari wa kutosha tuliuacha ujipiganie. Mti ambao hauna, tuliuletea.

Na hapa ndipo penye desturi yetu ambayo sijui kama bado mnaishika. Kila mfanyakazi alikuwa na wagonjwa wake. Ukipewa mti au ua wa miti, ni wako. Wewe ndiye unajua ulikuwaje mwezi uliopita. Na askari walioko kwa mgonjwa wako ni wako pia. Hakuna aliyeruhusiwa kukata kijiti chenye askari kwa mgonjwa wa mwenzake bila kumwomba, ana kwa ana, kwa heshima. Mzee Kilonzo alisema anayeiba askari afadhali aibe ngazi, kwa sababu ngazi haizai.

Zuhura alikuja nikiwa nimeshazoea kujiona nyota. Alitoka palepale mjini kati. Babake alikuwa na duka la leso na vitambaa, watu wa pwani waliohamia Nairobi zamani. Alipoingia pikapu mara ya kwanza alisema, "Hamjambo nyote? Mmeamkaje?" Sisi tuliozoea kuambiana "niaje" na "sasa" tukanyamaza kama darasa mwalimu akiingia. Hata dereva alizima redio.

Ovaroli lake lilikuwa limepigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Hijabu aliichomeka vizuri kwenye kola, akapanda ngazi kama anapanda kwenda chumbani kwake. Mkono wake ulikuwa mtulivu mno. Mimi nikikata kijiti, nusu ya wadudu wanaanguka. Yeye akikata, wadudu hawajui kama wamehama. Wiki haikuisha Mzee Kilonzo akampa peremende. Mimi peremende yangu ya kwanza niliingoja mpaka nikamaliza mvua mbili.

Nilijaribu kumchukia, lakini ilikuwa vigumu kumchukia. Nikipiga chafya ananiambia "Afya, dada." Nikisahau chakula anakata chapati yake katikati, na kipande kikubwa ananipa mimi. Basi wivu ukakosa pa kutokea, ukawa unazunguka ndani.

Siku Mzee Kilonzo alipogawa wagonjwa wapya, Zuhura alipewa ua mrefu wa vichaka vya haibiskasi kwenye nyumba moja ya Lavington. Mimi nikapewa mti. Mti mzima peke yake, Muthangari, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kisikh aliyeitwa Biji na kila mtu, kuanzia wajukuu mpaka soja wa getini. Nilitembea siku hiyo kama nimepewa shamba. Nilimwambia Zuhura, "Ua si mbaya, Zuhu. Utajifunza." Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Mti wenyewe ni ule wenye majani kama alama ya kwato za ng'ombe, na maua ya zambarau hafifu. Wapanda bustani wa Nairobi wanaupanda kwa sababu ya maua. Biji aliupanda kwa sababu ya chakula. Vichomozo vya maua, kabla havijafunguka, anavichuma, anavipika na vitunguu, viungo na mtindi. Kila mwaka mabakuli yalitoka nyumba ile: moja kwa daktari Mwislamu wa nyumba ya pili, moja kwa fundi cherehani wa kona, moja kwa soja. Biji hakuwa anatoka tena, miguu ilimchosha. Mabakuli ndiyo yaliyokuwa yakitembelea watu kwa niaba yake.

Siku ya kwanza Zuhura alinisindikiza kushika ngazi. Biji akaja na fimbo yake mpaka kivulini, akanionyesha kidole juu.

"Angalia hii mti yangu. Kwa nini nyeupe nyeupe? Iko baridi?"

Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akamjibu kwa Kihindi, maneno ya dukani aliyookota kwa wateja wa babake. Biji akacheka mpaka akashika bega lake. Chai ilipokuja, Zuhura akapewa kikombe cha maua ya dhahabu, mimi nikapewa kimoja cha plastiki chenye jina la dawa ya kikohozi. Mti ni wangu, nikasema moyoni, na kikombe ni chake.

Weupe ule ulikuwa vidung'ata. Kwa asiyewajua: ni wadudu wadogo laini, kama chembe za unga zilizovaa sweta, wanajazana kwenye makwapa ya matawi na chini ya vichomozo. Wananyonya na kudondosha sukari kama wale wadudu gamba. Sisimizi wanawachunga kama ng'ombe, wanakamua sukari na kuwafukuza askari. Mti wa Biji ulikuwa na msululu wa sisimizi kutoka mzizini hadi kileleni, na chini yake mawe ya uwanjani yalinata. Viatu vyangu vilitoa sauti kama mtu anayebusu.

Mawe hayo ndiyo yaliyoleta matata. Asubuhi moja Biji alikanyaga, ndara ikanata, yeye akaendelea mbele. Hakuvunjika, Mungu alimwona, ila aliumia kiwiko na akakaa kitandani siku kadhaa. Mwanawe, Bwana Jasbir, alinisubiri getini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwana aliyemwokota mamake chini.

"Dada, mimi naenda Kisumu kwa kazi," akaniambia. "Nikirudi, hii mawe ikiwa bado inanata, mti inakatwa. Nimeongea na mtu wa msumeno tayari."

"Biji amekubali?"

"Biji analia. Lakini afadhali alie akiwa amesimama."

Nilikwenda kumwona Biji. Alikuwa ameegemea mito, bandeji kiwikoni. Hakulalamika juu ya mkono. Aliniuliza tu, "Kama mti hakuna, mimi napelekea watu nini?" Nilimfunika miguu nikatoka.

Dawa kali sikuweza kuitumia, kwa sababu mti ule unaliwa. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, Mzee Kilonzo hakuwepo wa kuulizwa: goti lake lilikuwa limekataa kazi, akaenda kupumzika kwao Machakos. Nikafanya ninayoyajua. Nilipogoa matawi yaliyoziba hewa. Niliosha kwa maji ya sabuni mpaka mkono wangu ulipofikia. Nilifunga shina kwa kitambaa nikakipaka grisi ili sisimizi wasipande, na nikakata tawi lililogusa ukuta, kwa sababu sisimizi akinyimwa mlango anatumia dirisha. Hayo yote yalisaidia kidogo. Lakini kidung'ata aliyejificha kwapani mwa tawi hafikiwi na sabuni. Anafikiwa na askari tu, na mti wangu ulikuwa na askari wa kuhesabika. Walihitajika wengi, tena wale weusi wenye kichwa cha chungwa, ambao chakula chao ni vidung'ata.

Nilijua walipo. Kila mtu pale yadi alijua. Walikuwa kwenye ua wa haibiskasi, Lavington, kwa Zuhura. Alikuwa amewalea tangu walipokuwa wachache, akiwazuia wenye nyumba wasipulize kitu, mpaka ua ukajaa. Wenzetu walikuwa wakienda kuutazama kama watu wanaokwenda kutazama mtoto mchanga.

Siku nzima nilizunguka nikitafuta askari kwingine. Niliangalia miti ya Kileleshwa, nikaangalia bustani za kanisa, nikapanda hata mfikasi mmoja wa mjini ambao haukuwa mgonjwa wa mtu. Nilipata wawili, na mmoja akaruka. Basi saa ya chakula nikamfuata Zuhura kwa mama muuza githeri ya mahindi na maharagwe, nikakaa mkabala naye.

"Zuhu, nina shida."

"Sema, dada."

"Naomba askari." Neno hilo lilinitoka kama jino.

Akaweka kijiko chini. "Wangapi?"

"Wa kutosha mti."

"Mti mzima? Unajua ua wangu nao bado haujapona? Nikitoa nusu, vidung'ata wanaweza kunirudia. Na wale wenye nyumba wananingoja niteleze. Wanataka wapulize lile lidawa lao waniaibishe."

"Najua."

"Hujui." Mara ya kwanza nilimsikia akikaza sauti. "Wewe Mzee alikupa mti, Nyaboke. Mti! Mimi akanipa ua, kitu ambacho hata mbuzi anaweza kushughulikia. Mwaka mzima nachunga majani ya magotini, nikisikia wewe unasema mti wangu, mti wangu. Na sasa hata hao wadudu niliowalea waende kwako?"

Nakiri kwamba nilisikia raha. Zuhura, mwenye pasi na peremende, ananionea wivu mimi! Nilitamani aseme tena. Lakini nikaona machozi yamesimama machoni pake, nikakumbuka Biji na mito yake.

"Bwana Jasbir anarudi kutoka Kisumu," nikamwambia. "Ukininyima sitakasirika. Ila mti utakatwa."

Akala githeri yote. Akamshukuru mama, akanawa mikono.

"Leta mifuko ya karatasi," akasema. "Ukileta ya plastiki sikupi, watatoka jasho wafe."

Kesho yake tukakata vijiti pamoja, asubuhi, kabla jua halijawachangamsha. Nilibeba mifuko ile mapajani mpaka Muthangari kama nabeba mayai, nikafunga vijiti kwenye matawi, upande wa kivuli. Kwenye vijiti hivyo kulikuwa na askari wakubwa wachache na watoto wengi. Na sasa sikilizeni vizuri ninyi vijana, maana haya ndiyo ya kazi. Mtoto wa askari huyu hafanani na mamake. Ni mweupe, ana manyoya ya nta, anafanana na kidung'ata kama pacha, ila ni mkubwa zaidi. Asiyejua akimwona husema: lo, vidung'ata wamenenepa!

Mtunza bustani wa Biji, mzee Wafula, alikuwa mtu mpole na mwenye bidii. Nilikuwa nimemwonya asipulize dawa, na hakupuliza. Nilipofika siku chache baadaye alinipokea getini akitabasamu, mikono imekauka kwa sabuni.

"Madam, tumeshinda!" akasema. "Walikuwa wameongezeka, tena wakubwa wakubwa, wananing'inia kwa vile vijiti vyako. Nimepanda na brashi na mpira wa maji. Nimewasugua mmoja mmoja. Sitaki Biji aanguke tena. Nenda ukaangalie, hutaona hata mmoja."

Nikaenda nikaangalia. Kweli, hapakuwa na hata mmoja. Wale wadogo wa kwapani, wabaya wenyewe, walikuwa wamebaki salama salimini.

"Nimekosea?" Wafula akauliza. Nadhani uso wangu ulikuwa umesema.

"Umefanya kazi nyingi sana, mzee wangu," nikamwambia. Nikaenda nikakaa nyuma ya banda la majembe nikalia kidogo, kisha nikacheka kidogo, kwa sababu nilimwona Wafula wa watu juu ya ngazi akimsugua askari kwa brashi ya viatu.

Kurudi kwa Zuhura mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko ya kwanza. Nilimkuta Lavington amepiga magoti kwenye ua wake. Nikamweleza yote. Nilingoja aseme, "Si nilikwambia?"

"Alitumia brashi gani?" akauliza.

"Ya viatu."

Akajaribu kujizuia, akashindwa. Tulicheka wote wawili mpaka mwenye nyumba akachungulia dirishani. Kisha akainuka, akautazama ua wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidung'ata walikuwa wameanza kurudi upande wa kulia. Niliwaona, naye alijua nimewaona.

"Nikuachie wote?" akasema polepole.

"Sijaomba wote."

"Nusu ya nusu haitoshi mti. Unajua na mimi najua." Akachukua makasi. "Lakini safari hii nakuja mwenyewe."

Akaja. Na ndivyo nilivyoupoteza mti wangu bila kukatwa. Alivifunga vijiti na mkono wake usiotetemeka. Alimwita Wafula chini ya mti, hakumkemea, akampa ujiti. "Mguse huyu, mzee. Anatembea taratibu, kama mgonjwa wa nyonga? Basi ni mwizi. Mguse huyu mwingine. Umeona anavyotimka? Huyo ni askari, ana haraka ya kazi." Wafula akawa anagusa mmoja mmoja akicheka, mwizi, askari, askari, mwizi. Alishika doria pale chini kila siku, akimfukuza kila mtu mwenye brashi. Biji, ambaye sasa alikuwa anaweza kukaa barazani, akatuma kikombe cha maua ya dhahabu. Kimoja. Mnajua kilienda kwa nani.

Wiki zikapita. Vidung'ata wakaanza kukauka kama mkate uliosahaulika. Mimi nilisugua mawe kwa maji ya moto kila nilipofika, maana sukari ya zamani haiondoki kwa kuombewa. Vichomozo vya maua vikaanza kutokeza, vyembamba, vya kijani, vimefunga kama ncha za penseli.

Bwana Jasbir alirudi jioni moja, na asubuhi yake mtu wa msumeno akawa naye. Tuliwakuta wote wawili chini ya mti. Bwana Jasbir akainama, akapitisha kiganja juu ya mawe. Upande wa nyumba ulikuwa mkavu. Upande wa ukuta, kiganja chake kikasita.

"Hapa bado," akasema.

"Kidogo," nikasema. "Ni ya zamani hiyo. Juu hakudondoki tena. Angalia gari lako, limelala hapa tangu jana, kioo ni safi."

"Kidogo ndiyo inaangusha mtu."

Mtu wa msumeno akaweka mashine yake chini, akaanza kukaza mnyororo. Ndipo mlango wa baraza ukafunguka. Biji alitoka bila ndara. Bila fimbo pia. Akashuka ngazi, miguu mitupu, akaingia chini ya mti.

"Biji!" Bwana Jasbir akapiga kelele, akamkimbilia akimsihi kwa lugha yao.

Biji akamzuia kwa kiganja. Akatembea polepole mpaka ukutani, kwenye mawe yaleyale, akageuka, akarudi. Zuhura alikuwa amenishika mkono, sijui lini, na kucha zake zilikuwa zimeingia. Biji alipofika katikati akasimama, akainua mguu mmoja, akamwonyesha mwanawe unyayo wake. Kisha wa pili.

"Iko wapi gundi?" akamwuliza.

Bwana Jasbir akajifuta uso. Jasho lilikuwa likimtoka kama aliyetembea ni yeye.

"Mpeni huyu mtu wa msumeno chai," akasema mwishoni.

Mzee Kilonzo aliporudi na goti lake, alikwenda Muthangari siku ya kwanza. Tulimsindikiza. Alizunguka mti, lenzi machoni, akageuza majani, akagusa grisi ya shinani. Alichukua muda wake.

"Hii ni kazi ya nani?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Zuhura akawahi.

"Mti ni wa Nyaboke, Mzee. Mimi nilimbebea vijiti tu."

Ua wake wakati ule ulikuwa nusu mweupe. Ilimchukua msimu mwingine mzima kuuponya, huku wenye nyumba wakimnung'unikia, na hakusema hata kwa Mzee askari wake walikwenda wapi. Mimi ndiye niliyesema, palepale, kila kitu, mpaka habari za brashi ya viatu. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeshavumilia pasi, peremende, Kihindi na kikombe. Na sasa hata kwa wema ananishinda? Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko yale mengine yote, na huo ndio wivu ambao haujapoa.

Mzee Kilonzo akatusikiliza wote wawili tukigombana kuhusu nani hakufanya kazi. "Wasichana wenye kichaa," akasema, akala peremende yake mwenyewe.

Vichomozo vilipokomaa, Biji alituita. Si barazani: ndani, mezani, Mzee Kilonzo, Zuhura, Wafula na mimi, na Bwana Jasbir akigawa chapati. Harufu ya vitunguu na viungo ilikuwa imefika mpaka getini; soja alikuwa na bakuli lake tayari. Sikuwa nimewahi kula ua kabla ya siku hiyo. Lina uchungu mdogo mwanzoni, halafu mtindi unakuja, halafu unataka tena.

Biji alipakua mwenyewe, kiwiko bado kigumu. Alimpakulia Mzee, akampakulia Wafula, akampakulia Zuhura, vijiko viwili kila mmoja. Alipofika kwangu, akaweka kijiko kimoja, akaweka cha pili, akanitazama, akaongeza cha tatu.

Nikainua macho. Zuhura alikuwa anaangalia sahani yangu. Kisha akaangalia yake. Kisha akaangalia yangu tena.

Nikala polepole sana.